Mama ana ugonjwa wa viungo, mimi nikamvalisha mbwa saa yake ya mapigo ya moyo

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko Bongo, mlioko ughaibuni, na nyie mnaosoma kimya kimya bila hata ku-like.

Naanza na ujinga wenyewe ili tusipotezeane muda.

Nilichukua saa ya mama yangu, zile za kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, nikaifunga kwenye mguu wa mbwa wa jirani. Kwa makusudi. Nikiwa na akili timamu, au tuseme na akili zote nilizojaliwa.

Yote ninayoandika ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, nirudie algebra mpaka nipate mvi.

Mimi ni dogo wa high school, naishi Grand Prairie, hapa katikati ya Dallas na Fort Worth. Nilikuja na wazazi nikiwa darasa la nne, tukitokea Mwanza. Kiswahili changu kimetunzwa na mama, ambaye ukiomba chakula kwa Kiingereza anajifanya hasikii, na unalala njaa.

Mama anaitwa Mama Neema. Neema ni dada yangu, yuko college. Mimi niliyebaki nyumbani jina langu halijaingia popote, na baada ya huu uzi nadhani mtaelewa kwa nini.

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Anawanyanyua, anawaogesha, anawageuza kitandani. Na anafanya hivyo akiwa na ugonjwa wa viungo, ule wa rheumatoid. Kwetu watu wanauita baridi yabisi, ndiyo maana bibi akipiga simu kutoka Mwanza swali lake la kwanza ni kama mama amevaa soksi.

Bibi, soksi hazihusiani. Daktari alishaeleza kwamba kinga ya mwili imechanganyikiwa, inashambulia viungo vya mwenye mwili. Ni kama mlinzi uliyemwajiri halafu anakupiga virungu wewe mwenye nyumba.

Asubuhi vidole vya mama vinavimba kama soseji. Mimi ndiye mfungua vifuniko rasmi wa nyumba hii. Chupa ya asali, kopo la maziwa, vifungo vya sare yake ya kazi, vyote vinapita kwangu. Mchana vidole vinalainika, anaenda kazini kama kawaida, na ibuprofen anatafuna kama karanga.

Sasa ilikuwa mwaka jana, 2018. Kina mama wa Kitanzania wa Texas, Wakristo na Waislamu wote pamoja, wana group lao la WhatsApp. Sijui nani aliwaambia kuhusu afya, maana waliamka siku moja wakatangaza mashindano ya kutembea.

Timu mbili, DFW, yaani sisi wa Dallas na Fort Worth, na Houston. Kila mama anavaa saa, hatua zinajumlishwa, na mwisho wa mashindano timu iliyoshindwa inapika pilau kwenye sherehe ya pamoja kule Houston. Timu iliyoshinda inakaa kwenye viti na kupakuliwa kama maharusi.

Mnadhani ni utani. Kina mama hawa wana shift, watoto, kwaya, madrasa, na masomo ya jioni. Lakini kumpikia mtu wa Houston kwa kushindwa? Bora kifo.

Kapteni wa Houston alikuwa Anti Rehema, mama wa Kitanga anayekaa Sharpstown, mtaa wa huko huko Houston. Ana sauti ya pole sana na maneno yanayokata kama wembe. Kapteni wa DFW, bahati mbaya kwa ukoo wetu, alikuwa mama yangu.

Tatizo likaonekana siku ya kwanza. Saa ilikuwa inambana kwenye kifundo cha mkono kilichovimba. Akivaa mkono wa kulia panauma, wa kushoto panauma. Kazini nako magoti yakichoka anatafuta kiti.

Asubuhi moja akaniwekea saa kwenye meza. "Ivae wewe mpaka jioni. Isikae bure."

"Mama, si ni kudanganya huko?"

"Nani alikuzaa?"

"Wewe."

"Basi hizo hatua ni za kwangu."

Wakuu, hapo mnijibu kisheria.

Nikaivaa. Mimi nacheza basketball, practice yetu ni kukimbia tu kama tumeiba kuku. Jioni mama akaangalia simu, akaguna kwa furaha. DFW wakapanda. Mama akaacha hata kuniomba, asubuhi naikuta saa pembeni ya chai yangu kama kitumbua. Usiku nalala nayo, kwa uvivu wa kuivua.

Halafu ikaja Jumamosi. Hakuna practice, nataka kulala, na Houston wamesogea. Jirani yetu wa chini ni mzee mmoja ana mbwa aina ya husky, anaitwa Duke, mbwa mwenye nguvu za kuvuta treni. Asubuhi ya Jumamosi mjukuu wa yule mzee huwa anakimbia naye kwenye njia ya pembeni ya ziwa.

Mnaona akili ilipoelekea.

Nilimwambia mjukuu ni mradi wa sayansi. Hakuuliza sayansi gani. Nikarudi kulala.

Mchana hatua za mama zilikuwa za kutisha. Group likalipuka. Watu wa DFW wanatuma emoji za moto na mikono ya sala. Anti Rehema akatuma voice note, kwa ile sauti yake ya pole:

"Mama Neema dada'angu, hebu nisaidie. Wewe unatembea, au unahama?"

Mama, ambaye hata habari za mbwa hakuzijua, akabonyeza kitufe akajibu kwa unyenyekevu mkubwa: "Ni neema ya Mungu tu, dada."

Nilicheka mpaka nikaingia chini ya kitanda. Dah.

Nisimame hapa kidogo, maana kuna kitu nilikuwa nakiona siku zote hizo na sikukipa uzito.

Tunakaa ghorofa ya juu, hakuna lifti. Mama akipanda ngazi alikuwa na tabia ya kusimama katikati na kuanza kutafuta funguo kwenye mkoba. Kila siku. Na funguo huwa ninazo mimi.

Nilikuwa namtania. "Mama, funguo hizi hapa." Ananiambia ni goti. Anasubiri kidogo, anapumua, anaendelea. Lakini mkono hauko kwenye goti. Mkono uko hapa juu, kifuani, umeshika kamba ya mkoba.

Mimi nikaona ni uzee. Mama zetu tukishawapachika neno "uzee" tunakuwa tumemaliza kazi.

Basi ikafika appointment yake na daktari wa viungo, Dallas. Siku hiyo vidole vilikataa kabisa kushika usukani, na mimi nina leseni na shule ilikuwa imefungwa, nikamwendesha. Akaniingiza mpaka ndani kwa daktari kwa sababu, kwa maneno yake, nikiachwa peke yangu waiting room naweza kuuza viti.

Daktari ni mama mmoja mwembamba, mcheshi, miwani imening'inia shingoni. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza, nawatafsiria.

Akabonyeza vidole kimoja kimoja, akaandika. Halafu akasema kuna jambo alilisema mara ya mwisho na anataka kulirudia. Kwamba watu wenye ugonjwa huu wanapata magonjwa ya moyo kwa urahisi kuliko wengine. Ule moto unaowaka kwenye viungo hauishii kwenye viungo, unasafiri, unakwaruza na mishipa ya damu kwa ndani. Kwa hiyo alikuwa anafikiria kumtuma mama kwa daktari wa moyo.

"Kifua kinabana? Unaishiwa pumzi?"

"Hapana daktari," mama akasema. "Moyo wangu hauna neno. Vidole ndivyo vina maneno."

"Unafanya mazoezi?"

Hapo mama yangu, kapteni wa DFW, akatoa simu.

Mimi nikaanza kusoma bango la mifupa ukutani.

Daktari akavaa miwani. Akaangalia. Akainua nyusi. Akamwangalia mama, akaangalia tena simu.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu," mama akasema. Na kweli, simu ilikuwa yake.

"Mapigo yako ukiwa umepumzika ni kama ya mwanariadha. Na hatua hizi, sijawahi kuona mgonjwa wangu mwenye hatua hizi." Akatabasamu kwa fahari, masikini, akidhani dawa zake zimefanya muujiza. "Basi, kama unaweza haya yote bila dalili yoyote, hatuna haraka. Habari ya daktari wa moyo tutaiongea visit ijayo."

Mama akatabasamu. Daktari akatabasamu. Mimi nikatabasamu pia, maana tumeponea chupuchupu.

Kisha nikaona ngazi. Namaanisha nilimwona mama akilini, katikati ya ngazi, anatafuta funguo ambazo ninazo mimi.

Wakuu, mimi si mtu wa maadili. Niliwahi kuuza majibu ya quiz ambayo yalikuwa ya uongo. Lakini pale nilielewa jambo moja kwa haraka sana: yule daktari anasoma moyo wangu, halafu anautolea uamuzi moyo wa mama.

"Daktari," nikasema, "huo moyo ni wangu."

Daktari akashusha simu.

Mama akageuka taratibu, tabasamu liko pale pale usoni, akasema kwa Kiswahili na sauti laini ya kwaya: "Funga huo mdomo kabla sijaufunga mimi."

"Amesema nini?" daktari akauliza.

"Amesema niendelee."

Nikaendelea. Nikamwambia kuhusu Houston, kuhusu pilau, kuhusu practice. Kila nikimaliza sentensi, mama anaminya paja langu kwa vile vidole vinavyouma, na niwahakikishie, kwenye kuminya havikuwa na ugonjwa wowote.

Daktari akasema, "Kwa hiyo Jumamosi hii kubwa, hii pia ni wewe?"

"Hapana. Huyo ni Duke."

"Duke ni kaka yako?"

"Ni mbwa."

Mama akaacha kuniminya. Hii ya mbwa ndiyo kwanza anaisikia. Alinitazama kama mtu anayepiga hesabu ya kwenda kunirudisha pale hospitali nilipozaliwa.

Daktari akafungua ile Jumamosi, akavuta skrini na kidole. Saa haikupata ngozi, ilipata manyoya. Sehemu ya mapigo ya moyo kulikuwa na vistari vitupu, mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa mujibu wa hii," akasema polepole, "mgonjwa wangu amekimbia asubuhi nzima bila moyo kupiga."

Alicheka yule daktari. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho kwa karatasi ya kutandikia kitanda cha wagonjwa. Nesi akachungulia mlangoni. Mimi nikacheka. Hata mama pua ikaanza kumcheza, akajikaza.

Nikasema nikiwa bado nacheka, maana nilijua nikiacha kucheka nitashindwa kusema: "Lakini kwenye ngazi anasimama. Kila siku. Anasema ni goti, na mkono anaweka hapa."

Nikaweka mkono kifuani kwangu.

Daktari akavaa miwani yake. Akavuta kiti, akakaa usawa wa mama.

"Niambie kuhusu ngazi."

Mama akaangalia viatu vyake. Halafu akasema, si kwa sauti ya kapteni: "Nikifika katikati panabana. Nikisimama panaachia. Nilidhani ni uchovu wa kunyanyua wazee."

Safari ya kurudi, mama alitamka neno moja tu kwenye highway yote. "Breki." Na taa ilikuwa bado iko mbali.

Kwa daktari wa moyo tulipelekwa haraka kuliko nilivyotarajia, na hiyo haraka ndiyo iliyonitisha. Kipimo chenyewe huwa unakimbizwa kwenye mashine huku wanasoma moyo. Mama magoti hayawezi, kwa hiyo wakamlaza na kumpa dawa ya sindano inayoufanya moyo uone kama uko kazini.

Aliyemhudumia alikuwa nesi Mkenya, akasikia jina letu akabadilisha lugha hapo hapo. "Mum, hii dawa itafanya roho iende mbio kidogo. Wewe tulia tu, usishtuke."

"Iende mbio wapi na mimi nimelala?" mama akauliza.

"Ata mimi sijui, mum. Tutaifuata na mashine."

Ikaonekana moyo upande mmoja haupati damu ya kutosha. Wakapanga kuingia kwa mrija mwembamba kwenye mshipa ili waone kwa macho.

Baba anaendesha lori, alikuwa majimbo ya mbali kabisa. Akarudi akaliacha lori sehemu ambayo siitaji, akaja hospitali na kofia kichwani akakaa karibu yangu. Baba akiogopa anakula. Tulimaliza chips zote za ile mashine ya vitafunwa. Wakuu, utani wote niliokuwa nao uliisha. Nilijaribu kumwambia baba kuhusu Duke, nikaishia kuokota pakiti tupu za chips.

Daktari akatoka akasema mshipa mmoja ulikuwa umebanwa vibaya, umebakiza njia nyembamba tu. Wameutanua na kuweka kispringi cha kuushikilia wazi. Akasema tumewahi. Akarudia neno hilo, mmewahi, akiwa anamwangalia baba. Baba akavua kofia, akainama, akaivaa tena kinyume.

Sasa mama anameza dawa za kupunguza mafuta kwenye damu na za kuzuia damu kuganda. Ile ibuprofen ya karanga imepigwa marufuku, kumbe nayo inaweza kuuongezea moyo mzigo. Na daktari wa viungo akabadilisha dawa ili ule moto wenyewe ushuke, kwa sababu anasema ukizima moto wa viungo unausaidia na moyo.

Jambo lililonishangaza ni mafuta ya damu. Vipimo vya nyuma vya mama havikuwa vibaya hivyo. Daktari akasema kwa wenye ugonjwa huu hilo linaweza kukudanganya, maana moto ukiwa mkali mafuta kwenye kipimo yanaweza kuonekana yako chini wakati hatari iko palepale. Kwa hiyo usije ukanijibu huku kwamba shangazi yako cholesterol iko poa.

Mtauliza mashindano yaliishaje.

Mama alipopata nguvu alirekodi voice note kwenye group, akaungama yote. Mtoto, basketball, mbwa, ngazi, kispringi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nasikia.

Kisha Anti Rehema: "Mama Neema, tunamshukuru Mungu kwa uzima wako. Hatua za mbwa zinafutwa. Za mtoto zinafutwa. DFW mtapika. Na huyo mtoto ndiye atakayekata vitunguu."

Nikakata. Sherehe ilikuwa Sugar Land, pembeni ya Houston, kwenye nyumba ya familia moja yenye jiko kubwa, na nilikata vitunguu vya pilau ya watu wa Texas mpaka nikasahau sura ya baba yangu. Houston wamekaa kwenye viti kama maharusi. Kila anayepita mlangoni anabweka. Watu wazima, wengine wana shahada, wanabweka.

Na pilau ilikuwa haina mafuta, amri ya mama. Houston walilalamika kuliko walivyolalamikia mbwa.

Katikati ya hayo Anti Rehema akaja jikoni, akajifanya anatafuta chumvi. Akasimama karibu yangu. Kumbe na yeye ana ugonjwa wa viungo, wa kwake ni ule unaokuja pamoja na magamba ya ngozi, siku zote anavaa mikono mirefu na mimi nilidhani ni stara tu.

"Baba," akaniambia, sauti ya chini. "Hiyo ya mama yako kwenye ngazi. Inabana kwa wapi hasa?"

Nikaacha kisu, nikamwonyesha.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua chumvi ambayo hakuihitaji, akaondoka. Wiki iliyofuata mama aliniambia Anti Rehema amepata daktari wa moyo, na mama ndiye aliyemkalia kichwani mpaka akaenda.

Funzo, kwa wale mnaoruka mpaka chini kutafuta funzo, nawaona.

Kama nyumbani una mtu mwenye ugonjwa wa viungo wa kuvimba, usikae unaangalia vidole na magoti tu. Mwulize daktari wake kuhusu moyo, pressure, sukari, na mafuta, na asikubali kuahirishwa kwa sababu tu anaonekana ana nguvu. Akisimama kwenye ngazi, usimtanie kama mimi. Angalia mkono umewekwa wapi. Na daktari apewe ukweli, hata kama ukweli una mkia.

Mimi si daktari, nina C ya biology. Madaktari na manesi wa humu nirekebisheni nilipokosea. Na wenye wazazi, mashangazi au nyie wenyewe mnaougua hivi, tiririkeni hapa chini, mlishawahi kuambiwa habari za moyo, au mliishia kwenye soksi kama bibi yangu?

Nimebakiza kitu kimoja, nilikiruka makusudi kule juu. Siku ile ya kispringi, mama alipozinduka waliniruhusu niingie. Akaniita kwa kidole. Nikainama, nikijua napewa baraka.

Alisema hivi, neno kwa neno:

"Umeniaibisha mbele ya daktari, na umeniokoa maisha. Kwa la kwanza nitakuchapa. Kwa la pili, nitakuchapa polepole."